Lowndes: kaunti ya Marekani ambako maji ya chooni hayana pa kwenda

Bomba lenyewe ni la plastiki, jeupe, la inchi nne, lile lile ambalo fundi wa vyoo angelinunua Kariakoo. Linatokea chini ya sakafu ya nyumba, linalala juu ya majani kwa mita kumi na kitu, halafu linaishia hapo. Haliingii kwenye karo wala kwenye shimo, limeelekezwa tu upande wa miti. Mtu akivuta maji chooni, baada ya sekunde chache unayasikia yanatokea kule mwisho. Majani ya pale yamenawiri kuliko ya uwanja mzima. Mvua kubwa ikinyesha, kilichoko kwenye miti kinarudi taratibu kuelekea mlangoni.

Hapo ni Lowndes, kaunti ya mashambani katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Kaunti hii iko katikati ya miji miwili ambayo msomaji wa historia anaijua, Selma na Montgomery, na maandamano maarufu ya haki ya kupiga kura ya Machi 1965 yalipita humo kwa sehemu kubwa ya kilomita zake 87. Sensa ya 2020 ilikuta watu 10,311, na karibu saba katika kila kumi ni weusi. Kiwango cha umaskini ni kama mara mbili ya kile cha taifa. Hospitali hakuna hata moja. Mfumo wa maji taka wa pamoja unafikia nyumba chache za mijini, nao una matatizo yake. Wengine wote wanajitegemea.

Ni nyumba ngapi hazina mfumo wa choo unaofanya kazi? Makadirio yaliyotajwa kwa miaka mingi, hata katika ripoti za Umoja wa Mataifa, yanasema kati ya asilimia 40 na 90. Soma tena tarakimu hizo. Ukiniambia kijiji kina mbuzi kati ya 40 na 90, nitajua kwamba hujaenda zizini. Nchi inayojua kila gari limesajiliwa wapi na kila mtu anadaiwa kiasi gani kwenye kadi yake haikuwahi kuhesabu vyoo vya kaunti moja ndogo.

Nitalitumia bomba hilo kueleza umaskini wa kaunti nzima, kwa sababu ukiuliza "kwa nini hawajengi karo tu?" na ukakataa majibu mepesi, utapitishwa kwenye jiolojia, utumwa, mirathi, katiba na kodi kabla hujafika kwenye jibu.

Udongo usiokunywa maji

Tuanze chini kabisa. Karo la kawaida hufanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza kuna tangi, ambamo uchafu mzito unazama na kuozeshwa na vijidudu. Kisha kuna mitaro yenye mabomba yaliyotobolewa, inayoyasambaza maji yaliyobaki ardhini ili udongo uyanywe na kuyachuja. Tangi linafanya nusu ya kazi, nusu nyingine ni ya udongo.

Udongo wa sehemu kubwa ya Lowndes hauifanyi. Ni ule mweusi, mzito, unaonata kiatuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Msukuma angeuita mbuga bila kufikiri mara mbili. Wajenzi wa Nairobi wanaufahamu kama udongo mweusi wa pamba, na kabla ya kuweka msingi huuchimba wote wakaenda kuutupa. Ukilowa unavimba na kuziba. Maji yakimwagwa juu yake yanabaki juu yake.

Chini ya udongo huo kuna mwamba wa chokaa laini uliotokana na bahari ya kina kifupi iliyofunika eneo hilo zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita. Bahari ilipoondoka iliacha ukanda wenye umbo la upinde unaokatiza Alabama na kuingia Mississippi. Wamarekani wanauita Black Belt, yaani Ukanda Mweusi. Jina lilianza kwa rangi ya ardhi, baadaye likawa pia la watu, kwa sababu rutuba ya udongo ule ndiyo iliyowaleta watu weusi pale, na hawakuletwa kwa hiari yao.

Mababu wa Lowndes walipelekwa mahali pale kwa sababu ya udongo ule ule ambao leo unawarudishia vitukuu wao maji machafu uani.

Mali ilikuwepo, ikaondoka

Lowndes haikuwa maskini tangu mwanzo. Baada ya Wacreek, wenyeji wa asili, kunyang'anywa ardhi yao, kaunti iliundwa mwaka 1830, na katika miaka thelathini ikawa miongoni mwa sehemu zilizotajirika sana kwa pamba. Mwaka 1860 ilikuwa na watu wapatao 27,700, na zaidi ya theluthi mbili yao walikuwa watumwa. Tofauti na hadithi nyingi za maeneo ya mashambani, hapa hatuna haja ya kuuliza kwa nini utajiri haukuingia. Uliingia kwa magunia, ukatoka kwa boti za mtoni kuelekea bandari ya Mobile. Walioutoa ardhini hawakuwa na haki ya kumiliki hata jembe.

Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, mashamba yalibaki kwa wenyewe na watu wakabaki bila mashamba. Ukaja mfumo wa kulima kwa kugawana mavuno. Mwenye shamba anatoa ardhi, mbegu, nyumbu na kibanda, mkulima anatoa jasho la familia yake. Mwisho wa msimu wanagawana, lakini kabla ya kugawana kuna daftari. Unga uliokopa Februari umo, riba yake imo, dawa ya mtoto imo. Daftari linakaa kwa mwenye shamba na hesabu anaipiga yeye. Mkulima aliyeanza mwaka akidaiwa alimaliza mwaka akidaiwa. Aliyethubutu kuuliza hesabu alikuwa anahatarisha zaidi ya nafasi yake ya kulima.

Mwaka 1906 msomi mweusi W. E. B. Du Bois alikwenda Lowndes na timu yake kufanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: kupita nyumba kwa nyumba na kuhesabu nani anamiliki nini, nani anamdai nani, nani anafanya kazi kwa masharti gani. Kazi hiyo ilikuwa imeagizwa na ofisi ya serikali kuu inayoshughulikia ajira. Serikali iliipokea ripoti, ikakataa kuichapisha, na mwishowe ikaiharibu. Nakala haikubaki. Ninapofikiria ile "asilimia 40 hadi 90" ya miaka yetu, huwa naikumbuka ripoti hiyo.

Kisha mapigo yakafuatana. Mdudu wa pamba alivuka kuingia Alabama mwaka 1910, na ndani ya miaka michache akawa amelikalia jimbo lote. (Mji mmoja wa Alabama, Enterprise, uliokuwa na bahati ya kuhamia kwenye karanga, ulimjengea mdudu huyo mnara wa shukrani mwaka 1919, na upo hadi leo. Lowndes haikuwa na la kumshukuru.) Mwaka 1933 serikali kuu, ikijaribu kupandisha bei ya pamba wakati wa mdororo mkubwa, ilianza kuwalipa wenye mashamba ili wapunguze eneo wanalolima. Fedha zilipitia kwa mwenye shamba. Pasipolimwa mkulima hahitajiki, kwa hiyo wengi walilipwa na Washington huku wakiwafukuza watu wao. Mwaka 1935 wachuma pamba wa Lowndes waligoma wakitaka dola moja kwa kila ratili mia, na mgomo ukazimwa kwa viboko na risasi.

Baada ya Vita vya Pili zikaja mashine za kuchuma pamba. Wenye mashamba wengi waliona ng'ombe na miti ya mbao vina faida bila usumbufu wa watu. Mwaka 1900 Lowndes ilikuwa na watu zaidi ya 35,000. Mwaka 1960 walikuwa 15,417. Walioondoka walikwenda Montgomery, Detroit, Chicago, Cleveland, na aghalabu aliyeondoka ni yule kijana mwenye nguvu na elimu kidogo. Sisi wa vijiji vilivyobaki na bibi na wajukuu hatuhitaji kuchorewa ramani.

Ardhi ya familia

Kuna upande wa hadithi ambao wengi wanauruka. Watu weusi wa Lowndes hawakukaa wakisubiri. Mwaka 1892 ilianzishwa shule ya watoto weusi mahali panapoitwa Calhoun, na shule hiyo ilikuwa na mpango wa kununua mashamba makubwa, kuyakata vipande na kuwauzia wazazi kwa mkopo nafuu. Familia kadhaa zilipata ardhi kwa njia hiyo, maelfu ya ekari kwa jumla. Zilipofika siku za kudai kura, mara nyingi waliothubutu kuwalaza wanaharakati majumbani mwao ni watu wenye ardhi yao wenyewe, kwa sababu hakuna aliyeweza kuwafukuza.

Lakini ardhi hiyo ilirithishwa bila wosia. Babu amefariki mwaka 1931, watoto saba, hakuna aliyekwenda kwa mwanasheria, maana wanasheria wa wakati ule walikuwa wazungu na mahakama ilikuwa yao. Ardhi ikawa ya wote. Leo warithi ni sitini, wametawanyika kutoka Alabama hadi Michigan, kila mmoja ana sehemu isiyogawanywa, hakuna aliye na hati. Wanaita mali ya warithi. Msomaji aliyewahi kukaa kikao cha mirathi ya shamba la ukoo anaweza kuendelea mwenyewe.

Kisheria hali hiyo ni mtego. Benki haikopeshi juu ya ardhi isiyo na hati safi. Programu za serikali za kukarabati nyumba au kusaidia baada ya dhoruba hudai uthibitisho wa umiliki. Na kwa miongo mingi mgeni aliweza kununua sehemu ya mrithi mmoja aliye mbali, kisha akaiomba mahakama iuze shamba zima, na mara nyingi akalinunua yeye kwa bei ya kutupa. Alabama ilirekebisha sheria hiyo mwaka 2014, ikawapa warithi nafasi ya kwanza ya kununua. Ilikuwa imechelewa kwa wengi. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima weusi wapatao 926,000. Mwaka 1997 mashamba yanayoendeshwa na weusi hayakufika 19,000. Sehemu ya anguko hilo ni uchumi wa kilimo kwa ujumla, ambao uliwaangusha pia wazungu wadogo. Sehemu nyingine ni mikopo ya pembejeo iliyocheleweshwa au kunyimwa na ofisi za wizara ya kilimo, jambo ambalo wizara yenyewe ililazimika kulilipia fidia kwa makubaliano ya mahakamani mwaka 1999.

Kura ikapatikana, kodi ikafungwa

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo maelezo mengi yanapoishiwa pumzi.

Mwanzoni mwa 1965, watu weusi walikuwa kama asilimia 80 ya wakazi wa Lowndes. Walioandikishwa kupiga kura walikuwa sifuri, kwa maana halisi ya neno hilo. Kaunti ilijulikana kama Lowndes ya Damu. Mwaka huo Viola Liuzzo, mama mzungu kutoka Detroit aliyekuwa akiwasafirisha waandamanaji kwa gari lake, aliuawa kwa risasi barabarani humo, na miezi michache baadaye mwanafunzi wa theolojia Jonathan Daniels akauawa Hayneville, makao makuu ya kaunti. Aliyemuua Daniels aliachiwa huru na baraza la mahakama la wazungu watupu.

Wakulima waliojiandikisha walifukuzwa mashambani. Familia kadhaa zilihamia kwenye mahema kando ya barabara kuu namba 80, wakakaa humo kwa takriban miaka miwili, wakipigwa risasi usiku na wapita njia. Wakati huo huo waliunda chama chao cha kaunti kwa msaada wa kijana Stokely Carmichael na wenzake, na kwa kuwa sheria ilitaka kila chama kiwe na nembo kwa ajili ya wasiojua kusoma, wakachagua chui mweusi. Nembo ile baadaye ilichukuliwa na kundi la Black Panther la Oakland, California, ikazunguka dunia. Wengi wanaijua bila kujua kwamba ilizaliwa kwenye karatasi ya kura ya wakulima wa Alabama.

Mwaka 1966 walishindwa. Mwaka 1970 John Hulett, mmoja wa wawili weusi wa kwanza kujiandikisha katika kaunti, alichaguliwa kuwa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti. Taratibu weusi wakapata viti vingine. Hadithi ingeishia hapo, ingekuwa tamu.

Sasa tuangalie kilichokuwa ndani ya sanduku walilokabidhiwa. Mkenya akisikia kaunti anafikiria gavana na bajeti. Kaunti ya Alabama ni kitu kidogo zaidi. Katiba ya jimbo ya 1901, iliyoandikwa na mkutano ambao mwenyekiti wake alitamka waziwazi kuwa lengo ni kusimika ukuu wa wazungu kwa njia ya sheria, iliwanyang'anya weusi kura na pia iliweka dari kwenye kodi ya ardhi na majengo. Sababu haikufichwa sana: wenye mashamba makubwa hawakutaka siku moja watu wengine wawatoze kodi ya kujenga shule za watu weusi. Kaunti haiwezi kupandisha kodi hiyo kwa uamuzi wake. Lazima bunge la jimbo likubali, kisha wapiga kura.

Na dari halikubaki la 1901 tu. Mwaka 1971 mahakama ya shirikisho iliamua kuwa ukadiriaji wa thamani ya mali Alabama haukuwa wa haki na lazima usawazishwe, jambo ambalo lingepandisha kodi ya mashamba makubwa. Jimbo lilijibu kwa marekebisho mawili ya katiba, 1972 na 1978. Ardhi ya kilimo na misitu ikawekwa kwenye daraja la chini, na ikaruhusiwa kutozwa kwa kadiri ya matumizi yake ya sasa badala ya bei yake sokoni. Kwa hiyo msitu wa misonobari, hata kama mwenyewe anakaa mbali na kaunti, hulipa dola chache tu kwa ekari kwa mwaka. Linganisha tarehe: Hulett alichaguliwa 1970. Watu weusi wa Ukanda Mweusi walipoanza kukamata ofisi za kaunti, ofisi hizo zikafungwa mkono kwenye hazina.

Mwaka 2022 Alabama iliipanga upya katiba yake na kufuta maneno ya ubaguzi. Vifungu vya kodi vilibaki. Kabla ya hapo, mwaka 2008, familia za kaunti nyingine mbili zilikwenda mahakama ya shirikisho zikidai kuwa mfumo huo wa kodi ni tunda la ubaguzi. Hakimu aliandika hukumu ya kurasa takriban 800, akaikubali historia hiyo kwa kirefu, kisha mwaka 2011 akaipa ushindi serikali ya jimbo.

Ongeza jambo la shule. Amri ya kuchanganya wanafunzi ilipofika, wazungu wengi wa Lowndes waliwahamishia watoto wao kwenye shule binafsi iliyofunguliwa mwaka 1966. Shule za umma zikabaki karibu zote za weusi. Mtu mwenye ekari elfu mbili ambaye mtoto wake hasomi shule ya umma hana sababu ya kutaka kodi yake ipande, na hata angetaka, Montgomery, makao makuu ya jimbo, ndiyo yenye ufunguo.

Wanaosema "weusi wamekuwa wakiiongoza kaunti ile miaka hamsini, mbona bado maskini?" wanasahau kuuliza wamekuwa wakiiongoza kwa fedha gani. Sikatai kwamba pamekuwepo pia uzembe na fitina za siasa za mitaani. Lowndes haina malaika wengi kuliko Temeke. Ila malaika mwenyewe akipewa bajeti ile hawezi kuchimba mtaro wa maji taka kwenye kaunti ya kilomita za mraba zaidi ya 1,800 yenye watu watano au sita kwa kila kilomita.

Ajira zipo kidogo. Burkville kuna kiwanda kikubwa cha plastiki, kilichokuwa cha General Electric na mwaka 2007 kikanunuliwa na kampuni ya SABIC ya Saudia. Hyundai ilianza kutengeneza magari Montgomery mwaka 2005, na watu huamka alfajiri kwenda huko. Mwenye gari zima ana kazi, na mwenye gari bovu ana kazi hadi litakapokufa. Usafiri wa umma wa kumfikisha kiwandani kwa zamu ya usiku hakuna.

Hesabu ya mtu mmoja

Turudi kwenye bomba, sasa tukiwa na mizigo yote hiyo mkononi.

Chukua mama anayeishi kwenye nyumba ya trela juu ya ardhi ya babu. Trela si nyumba mbele ya benki. Mara nyingi mkopo wake huhesabiwa kama wa gari, riba yake iko juu, na thamani yake inashuka kila mwaka. Ardhi si yake peke yake, ni ya binamu sitini. Kwa udongo ule, karo la kawaida halitapitishwa na mkaguzi, na hata likijengwa kwa magendo litashindwa ndani ya miaka michache. Anachohitaji ni mfumo wa tuta: tangi, pampu, na kilima cha mchanga kilicholetwa kwa malori ili kifanye kazi ambayo udongo umekataa. Gharama yake ni kati ya dola 15,000 na 30,000, wakati mwingine zaidi. Kipato cha kati cha kaya katika kaunti ni dola elfu thelathini na kitu kwa mwaka. Kwa hiyo anatakiwa kutoa mshahara wa mwaka mzima auzike ardhini, kwa ajili ya nyumba inayopungua thamani, juu ya ardhi asiyoweza kuiwekea dhamana.

Bomba la plastiki ni dola chache.

Jimbo la Alabama lililijua jambo hilo, na kwa miaka mingi jibu lake lilikuwa la polisi. Kukaa bila mfumo ulioidhinishwa ni kosa la jinai. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 wakazi walipelekewa hati, wakatishiwa faini na hata kukamatwa. Kisa kama hicho ndicho kilichomvuta Catherine Coleman Flowers, binti wa Lowndes aliyerudi nyumbani, aliyeanza kuwapitisha wageni kwenye yadi za watu hadi ikawa vigumu kwa Washington kujifanya haioni. Mwaka 2020 alipewa tuzo ya MacArthur. Desemba 2017 alikuja mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya ufukara, Philip Alston, akasimama kwenye yadi moja na kusema hajaona hali kama ile katika nchi zilizoendelea.

Mwaka huo huo ulichapishwa utafiti uliogonga vichwa vya habari: kati ya wakazi 55 waliopimwa, zaidi ya theluthi moja walikuwa na dalili za minyoo ya safura. Sisi tunaijua safura. Tulipewa vidonge shuleni, tukafundishwa kuvaa viatu tuendapo chooni. Mnyoo huingia kupitia ngozi ya mguu, husafiri hadi utumboni, hung'ata hapo na kunywa damu kidogo kidogo hadi mtu anakuwa mnyonge asiye na nguvu. Kusini mwa Marekani ilikuwa imeenea sana. Kampeni ya kuipiga vita, iliyofadhiliwa na tajiri Rockefeller na kuanza mwaka 1909, ilikuta kama watoto wanne katika kila kumi waliopimwa wanayo. Magazeti ya wakati ule yaliita safura kijidudu cha uvivu, kwa maana hatimaye walipata maelezo ya kwa nini maskini wa Kusini walionekana wavivu. Jina la kisayansi la mnyoo huyo linamtaja kuwa muuaji wa Amerika, ingawa wanasayansi wengi wanaamini alisafiri kutoka Afrika ndani ya miili ya watu waliofungwa minyororo.

Kwa haki lazima niongeze kuwa utafiti wa 2017 ulikuwa mdogo na waliopimwa hawakuteuliwa kwa bahati nasibu. Mwingine uliochapishwa 2023, uliopima mamia ya watoto katika Ukanda Mweusi, haukumkuta mnyoo hata kwa mmoja. Binafsi nadhani safura iliisaidia Lowndes kusikika na pia ikaipotosha mada, kwani watu walianza kubishana kuhusu mnyoo wakati kinyesi kiko uani kwa macho ya kila mtu.

Novemba 2021 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifungua uchunguzi dhidi ya idara ya afya ya Alabama chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mei 2023 wakafikia makubaliano. Jimbo lingeacha kuwashitaki watu kwa sababu ya vyoo, lingepima hali halisi ya nyumba, na lingetafuta fedha za kujenga mifumo. Kama enzi za Du Bois, mtu aliagizwa apite nyumba kwa nyumba na kuhesabu. Aprili 2025 serikali ya Trump iliyavunja makubaliano hayo, ikiyaweka kwenye kapu la sera za usawa na ujumuishaji inazoziita haramu. Idara ya afya ya jimbo ilisema itaendelea kujenga mpaka fedha zilizokwisha tengwa ziishe.

Kwa hiyo baadhi ya nyumba zimepata. Utazitambua kwa tuta la mchanga nyuma, limepandwa majani, na kijisanduku kwenye nguzo chenye taa. Taa ikiwaka, maana yake maji yamepanda tangini na pampu haisukumi. Wakati mwingine ni umeme uliokatika kwa dhoruba, ukirudi inazima yenyewe. Wakati mwingine pampu imekufa, na hiyo ni bili nyingine, ya mwenye nyumba.